Mayatima wa Dirisha la Tatu

Mstari mmoja, jina moja. Fanory Quiceno alishusha kidole kwenye kioo cha kompyuta, akasoma namba ya kumbukumbu, akaitafuta upande wa pili, akaikuta, akabonyeza, akashuka mstari wa chini. Kila asubuhi, kabla dirisha lake, la tatu, halijafunguliwa, benki ilileta orodha ya fedha zilizoingia siku iliyotangulia, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila fedha imempata mwanafunzi wake. Fedha iliyolipwa kwa ankara ya chuo, yenye namba ya kumbukumbu, ilijipeleka yenyewe kama mbuzi anayejua zizi lake. Iliyokuja bila namba hiyo, au na namba ambayo mashine haikuifahamu, ilisimama njiani, na Fanory aliichukua kwa mkono na kuitia katika kapu ambalo mfumo uliliita Fedha za Kutambuliwa.

Makarani waliziita mayatima.

Zamani mayatima walikuwa wachache. Kila mwisho wa wiki Fanory aliketi nao, akapiga simu huku na huku, akawapatia wazazi wao. Lakini muhula huu chuo kilikuwa kimeanza kupokea ada kupitia mawakala, wale wenye maduka ya vijijini wanaopima mchele kwa mkono mmoja na kupokea pesa za benki kwa mkono wa pili, na kapu likafurika. Na muhula huu huu likatoka agizo kwamba yatima yeyote asiguswe bila risiti ya malipo inayosomeka. Fanory alilisoma agizo hilo mara mbili, akaona huenda lina sababu zake. Wadanganyifu wapo. Hakuwa mwepesi wa kumhukumu mtu, hata akiwa bosi.

Akamtia kapuni yatima mwingine, peso milioni nne, laki tisa na hamsini elfu, kutoka kwa wakala wa Belén. Akaweka alama alipoishia, akavuta pazia na kufungua dirisha.

Foleni ilikuwa imeshafika kwenye ngazi.

Ilikuwa Alhamisi. Ada ya chuo kile cha Pereira ilikuwa na tarehe mbili. Ya kwanza ilikwisha kupita: milioni nne na nusu. Ya pili ilikuwa kesho Ijumaa jioni, na aliyeingoja hiyo alilipa na nyongeza ya kumi kwa mia. Baada ya hapo jina lilikatwa, na aliyekatwa alingoja muhula mwingine. Kwa wanafunzi wa uuguzi mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu Jumatatu wangeingia wodini, na hospitali haikumpokea mwanafunzi ambaye hakusajiliwa, maana akichomwa sindano hana bima.

"Dada wa dirishani!" mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Huyo wa mbele analipa ada au anaposa? Mbona maneno hayaishi?"

"Akiposa nitakualika," Fanory alijibu bila kuinua kichwa. Watu wakacheka. Alikuwa na sauti ndogo, ya mtu anayeongea kando ya mgonjwa, na waliomzoea walijua kwamba akikasirika sauti hiyo haipandi. Hushuka.

Aliyefuata alikuwa don Arcesio Tabares, mkulima wa kahawa kutoka Santuario, mwembamba, kofia mkononi tangu mlangoni. Alitoa mfukoni mwa shati lake kipande cha plastiki kigumu chenye urefu wa kidole, akakiweka juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Risiti ndiyo hiyo, doña," alisema, akimwita bibi kwa heshima ya kwao.

Fanory alikichukua. Ndani ya plastiki mlikuwa na karatasi nyeusi. Akakigeuza. Nyuma nako kweusi.

"Hii ni risiti, don Arcesio?"

"Ndiyo yenyewe."

"Imepatwa na nini?"

"Nimeitunza," mzee alisema. "Yule wakala alinionya kwamba risiti zao hufutika upesi. Nikaipeleka duka la fotokopi wakaivishe plastiki. Ilipoingia kwenye ile mashine ilikuwa nyeupe, naapa kwa mama yangu. Ilipotoka..."

"Ilipotoka ilikuwa imevaa msiba!" alidakia mwanamke aliyesimama nyuma yake, mnene, mwenye mkoba wa tiketi za bahati nasibu kifuani. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Don Arcesio naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Fanory hakucheka. Pande zile kila kitu cha thamani huvishwa plastiki: kitambulisho, kadi ya chanjo, sala ya mtakatifu, hata picha ya marehemu. Lakini risiti za mawakala hazichapwi kwa wino, huchapwa kwa joto, na ile mashine ya plastiki kazi yake ni joto tupu. Mzee alikuwa ameichoma risiti yake kwa kuipenda mno.

"Jina la mwanafunzi?"

"Yurani Tabares. Uuguzi. Muhula wa mwisho huu, doña. Jumatatu anaingia wodini."

Fanory akaandika jina. Kompyuta ikamjibu kwa herufi nyekundu: hajalipa. Anadaiwa milioni nne, laki tisa na hamsini elfu.

"Haisomi," alisema.

"Ndivyo walivyoniambia dirisha la kwanza wiki iliyopita. Haisomi. Wakasema nilipe tena, na nyongeza, halafu pesa ya kwanza ikipatikana nitaandikiwa salio la muhula ujao." Aliikunja kofia yake. "Muhula ujao upi, doña? Mwanangu anamaliza. Huo muhula ujao nitausoma mimi?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nimeuza pikipiki," mzee aliongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba anamwambia yeye peke yake. "Sina kingine cha kuuza. Kahawa bado ni kijani mtini."

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni lililokwisha kulipwa ni nini. Fanory aliitazama ile risiti nyeusi, akaitazama kompyuta, na kwa kuwa alikuwa mtu wa hatua kwa hatua, akaanza mwanzo.

"Nielezee ulivyolipa. Uliingia dukani, ukafanyaje?"

"Nikampa wakala ile karatasi ya chuo. Mashine yake ikakataa kuisoma ile mistari myeusi ya ankara, Yurani alikuwa ameichapa kwenye printa ya wino mbaya. Basi wakala akasema, haidhuru, tutaandika kwa mkono. Akaniuliza chuo gani, nikamwambia. Kiasi gani, nikamwambia. Kitambulisho, nikamwambia."

Fanory aliacha kuandika.

"Kitambulisho cha nani?"

"Cha nani tena? Changu!" Mzee akaitaja namba yake yote palepale, bila kuulizwa, kwa mahadhi, kama mtu anayeitikia rozari. "Milioni kumi, laki moja na arobaini na..."

"Don Arcesio. Ulitakiwa kutaja cha Yurani."

"Hakuniuliza cha Yurani. Kaniuliza, kitambulisho?"

Na kweli. Nani katika nchi ile, akiulizwa kitambulisho, hutaja cha mtu mwingine? Dukani unakitaja ukinunua dawa, hospitalini unakitaja kabla hujasema unaumwa wapi, getini kwa mlinzi, kwenye mchezo wa namba. Mtu huweza kusahau siku aliyooa, lakini namba ile inamtoka mdomoni kabla swali halijaisha.

Nyuma ya mzee pakawa kimya. Kimya cha namna ya ajabu, kilichoanzia mbele kikaenda kikishuka ngazi.

"Ngoja kwanza," alisema yule mwanamke wa bahati nasibu. Sauti yake ya utani ilikuwa imemtoka. "Ngoja, malkia wangu. Hata mimi nilitaja changu."

"Na mimi," mwanamume aliyeuliza habari za posa alisema.

"Mimi nilitaja cha mume wangu, maana pesa ilikuwa yake!"

"Mungu wangu, na shangazi niliyemtuma?"

Fanory aliinua mkono, wakanyamaza. Alifungua kapu la mayatima, na safari hii hakutafuta jina la mwanafunzi. Aliandika namba ya mzee. Mstari mmoja ukasimama peke yake katikati ya kioo: Santuario, milioni nne na nusu kamili, siku tano kabla ya tarehe ya kwanza.

"Ipo," alisema.

Don Arcesio aliegemea kaunta. "Si niliwaambia? Si niliwaambia ipo?"

"Uliwaambia."

"Na yangu, malkia?" Mwanamke yule alikuwa amesogea bega kwa bega na mzee. Aliitwa doña Ofir, wa Belén, na mwanawe Duván alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Akaimwaga namba yake. Fanory akaiandika.

Mistari miwili.

Mmoja wa milioni nne na nusu, wa zamani. Wa pili wa milioni nne, laki tisa na hamsini elfu, alioutia Fanory kapuni kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ileile.

"Doña Ofir," alisema polepole, "umelipa mara mbili?"

"Si mliniambia nilipe tena! Dirisha hilohilo la kwanza! Nikakopa kwa yule anayetoza riba ya kila siku, anakuja mlangoni na pikipiki kila jioni kama mume. Nikaenda kwa wakala, akaniuliza, kitambulisho..." Akashika mdomo. "Nikataja changu tena. Mimi ni punda, mimi."

"Wewe si punda," Fanory alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka hata ikabidi wamsogelee ili wamsikie. "Mnisubiri hapa. Mtu asiondoke."

Kifungo cha kumtoa yatima kapuni kilikuwa cha kijivu kwenye kompyuta yake. Zamani kilikuwa cha kijani. Tangu lile agizo litoke, kilifunguliwa na mtu mmoja tu.

Mtu huyo aliitwa daktari Ancízar Londoño, mkuu wa fedha. Huko kila mwenye tai na ofisi yenye mlango huitwa daktari, na huyu hakuwahi kumtibu hata kuku. Alikuwa anakunywa kahawa nyeusi na kula andazi la jibini kutoka kwenye kitambaa cha karatasi. Hakuwa mtu mkali. Aliwajua makarani wote kwa majina ya watoto wao.

"Fanory. Kaa."

"Nitasimama, daktari. Nimewapata wenyewe." Akamweleza yote: mawakala, swali moja la kitambulisho, namba za wazazi. "Kapu karibu lote linaweza kwisha leo na kesho asubuhi. Nifungulie tu kile kifungo."

Daktari alijifuta vidole. "Wana risiti zinazosomeka?"

"Baadhi wanazo. Nyingine zimefutika. Ya mzee mmoja imeungua."

"Agizo unalijua."

"Nalijua. Lilikuwa la kuzuia uongo. Huyu mzee hawezi kudanganya, namba yake ninayo, kiasi ninacho, duka ninalo, siku ninayo."

"Huko kutaja kitambulisho cha mzazi si jambo jipya," daktari alisema. "Benki ilituandikia tangu wiki ya pili. Mashine za mawakala zinaonyesha neno moja tu, Kitambulisho. Walisahau kuongeza 'cha mwanafunzi'. Muhula ujao watarekebisha."

Fanory aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti. Alitaka kuhakikisha amesikia alichosikia.

"Tangu wiki ya pili mlikuwa mnajua."

"Fanory, pesa iliyomo ndani ya nyumba haikimbii. Jumatatu tukishafunga, tutakaa kwa utulivu, tutatambua moja moja, kila mtu ataandikiwa salio lake. Mwenye haraka, basi alipe tena. Hakuna anayeibiwa."

"Nataka nielewe vizuri, daktari, nisije nikakusingizia. Pesa ya don Arcesio Tabares tunayo?"

"Inawezekana ni yake."

"Tunayo?"

"Tunayo, haya."

"Iliingia kabla ya tarehe ya kwanza?"

"Kama unavyosema."

"Na bado tunamtoza nyongeza ya kuchelewa."

"Mfumo ndio unaotoza."

"Mfumo hauna mdomo wa kunywea kahawa," Fanory alisema.

Alilisema kwa upole, kama anavyosema mambo yote, kiasi kwamba daktari alichelewa kulisikia. Lilipomfikia, aliweka kikombe chini.

"Rudi dirishani," alisema. "Nitajifanya sikulisikia hilo."

Fanory alirudi. Njia ilikuwa fupi, korido moja tu, lakini ndani yake hasira ilipata nafasi ya kujipanga. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wa kale. Hapa mali ilikuwa ndani ya daftari, mstari wake unaonekana, namba yake inasomeka, na ilikuwa imepotezwa kwa makusudi, na watu wenye adabu, saa za kazi. Wiki zote zile alikuwa akiwatia mayatima kapuni akidhani analinda fedha za watu. Alikuwa akiwafungia. Na wazazi walikuwa wamesimama mbele ya kioo chake wakipiga mlango, naye akiwajibu kwa sauti yake nzuri ya hospitali: haisomi, haisomi.

Alikaa. Don Arcesio na doña Ofir walikuwa palepale.

"Bosi amekataa," aliwaambia, maana hakuona sababu ya kulipamba. "Pesa ipo, anajua ipo, na amekataa."

Kelele zilizotoka kwenye foleni zilimfanya mlinzi aingie kutoka nje. Doña Ofir alitaja wanyama kadhaa. Don Arcesio alinyoosha mkono juu ya kaunta. Alikichukua kile kipande cheusi cha plastiki, akakirudisha mfukoni, akavaa kofia yake. Alikuwa anaondoka.

"Don Arcesio, nimesema usiondoke."

Fanory akafungua droo ya chini. Mlikuwa na kitabu kinene cha karatasi zilizochapwa tayari, zenye nakala ya buluu chini ya kila moja. Kilitolewa kwa wanaohitimu na wanaohama, kuonyesha hawadaiwi kitu. Jina la karatasi hiyo, tangu enzi za mabibi, ni amani-na-salama. Nayo masijala, ghorofa ya chini, ilikuwa na sheria yake ya zamani iliyobandikwa ukutani na kila mtu akaizoea hata hakuna aliyeisoma tena: mwenye amani-na-salama ya ofisi ya fedha asajiliwe. Haikusema chochote kuhusu mfumo, kwa kuwa ilipoandikwa mfumo haukuwapo. Daktari aliijua sheria hiyo. Yesenia wa dirisha la kwanza aliijua. Mfagiaji aliijua. Hakuna aliyewahi kuitumia hivi, kwa sababu ya maneno madogo yaliyo chini ya karatasi: aliyetia saini atawajibika kwa deni lolote litakaloonekana baadaye.

Mshahara wa Fanory wa mwezi haukufika nusu ya ada moja.

Yesenia aliona kitabu kikitoka. Akainama upande wake, akanong'ona, "Umerogwa? Watakukata mpaka uzeeni."

"Huenda."

"Usinitazame mimi. Mimi nina wawili wanaonyonya mshahara huu."

"Sikutazami, Yese. Nahitaji kalamu yako tu, yangu inakwaruza."

Akaandika. Yurani Tabares, uuguzi. Kwa herufi kubwa, bila kuunganisha, ili mtu wa masijala asipate kisingizio. Akaandika kiasi, siku, duka la wakala, namba ya mzazi aliyelipa. Akasoma tena tangu juu, akalinganisha na kioo, tarakimu kwa tarakimu. Ndipo akatia saini na kugonga mhuri.

Don Arcesio aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti. "Amani na salama." Akainua macho. "Doña, hii nitaiweka vizuri. Nitaivisha..."

"Usithubutu!" doña Ofir alipiga ukelele, na foleni ikalipuka kwa kicheko kilichokuwa na machozi ndani yake. "Usithubutu kuivisha plastiki, mzee! Nitakufuata Santuario nikuchape!"

"Peleka chini sasa hivi," Fanory alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile naye alicheka kidogo. "Ghorofa ya chini, mlango wa pili. Wakikuambia subiri, waambie huna pa kwenda."

Wakati mzee yuko chini, Fanory hakumaliza karatasi nyingine. Alimwandikia doña Ofir jina la Duván kwenye karatasi ya pili lakini hakutia saini. Alitaka kwanza aone ya kwanza imefanya nini. Foleni nayo ilingoja, vichwa vimegeukia ngazi. Hatimaye ikaonekana kofia, kisha uso. Mzee alikuwa ameinua karatasi juu ya kichwa kama padri anavyoinua hostia. Kwenye kona palikuwa na mhuri wa kijani wa masijala.

"Amesajiliwa! Yule mama wa chini kanuna, kaisoma, kaenda akaitazama ile sheria ukutani, karudi, kapiga mhuri. Kasema Jumatatu Yurani aende na viatu vyeupe."

Fanory akatia saini ya pili.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kazi. Mmoja akasogea, akataja namba yake, Fanory akaitafuta kapuni, akauliza duka gani, siku gani, kiasi gani, na majibu yote yalipokubaliana akaandika. Si wote walikubaliana. Bwana mmoja alitaja kiasi kisichokuwapo, akarudia, akataja kingine, Fanory akamwomba asimame kando. "Mimi natia saini kwa nilichokiona," alimwambia. "Usichokilipa siwezi kukilipa." Yule bwana akaondoka bila kugombana. Basi wadanganyifu wapo, Fanory aliwaza. Agizo halikuwa uongo mtupu. Lakini alikuwa mmoja, na nyuma yake walisimama wengine waliofungwa kamba moja naye.

Daktari Ancízar alitokea mlangoni jua lilipokuwa limeshahamia upande wa pili wa jengo. Masijala walikuwa wamempigia simu.

"Fanory. Tafadhali. Njoo ofisini."

"Nikimaliza na huyu, daktari."

"Sasa."

"Daktari wa nini huyo?" mtu aliuliza nyuma.

"Wa upasuaji wa mifuko," doña Ofir akajibu. Alikuwa ameshapata karatasi yake tangu saa nyingi, na bado hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi akiwauzia waliosimama tiketi za bahati nasibu.

Daktari aliutazama umati. Akapunguza sauti. "Unajua maneno yaliyo chini ya karatasi hiyo?"

"Nayajua."

"Kila saini. Ikikosewa moja, ni juu yako. Sitaweza kukusaidia."

"Nitajibu kila saini," Fanory alisema. "Nawe utajibu lile kapu. Nakala za buluu hizi hapa, zote zina tarehe. Fedha iliingia lini, na sisi tulimtambua mwenyewe lini. Yeyote atakayetaka kusoma, atasoma."

"Unanitishia?"

"Hapana, daktari. Nakuhesabia."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini kabisa, ile ya chini kuliko zote, huku akiendelea kuandika jina la mwanafunzi. Daktari alibaki amesimama. Huenda alitaka kuizima kompyuta ya Fanory. Aliitazama sana swichi iliyo ukutani. Lakini umati ulikuwa umesogea, si kwa fujo, hatua moja tu, kama ng'ombe wanavyosogea wanaposikia mtu mgeni zizini. Akarekebisha tai yake.

"Kesho kwenye dirisha hili atakaa Yesenia," alisema, akaondoka.

Yesenia, kule kwenye kioo chake, alijifanya anahesabu sarafu.

Waliendelea. Kitabu kilizidi kuwa chembamba. Mwanamke mmoja alileta arepa mbili, mikate ya mahindi, zimefungwa kwa jani, akazisukuma chini ya kioo, Fanory akala moja kwa mkono wa kushoto. Saini yake, ambayo asubuhi ilikuwa na mkia mzuri wa herufi Q, jioni ilikuwa imebaki mkwaruzo tu, akajikaripia, akaanza kuandika tena mkia wote, kwa sababu saini isiyofanana ni mlango wa mtu kusema si yako.

Halafu akang'oa karatasi, akageuza, na chini yake akaona jalada tupu. Kitabu kilikuwa kimekwisha. Vitabu vingine vilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao daktari. Mlinzi naye alikuwa ameanza kuzima taa za korido.

Watu waliobaki walikuwa bado wanajaza chumba. Kapu la mayatima, alipolitazama, lilikuwa limepungua lakini halikuwa limekwisha.

"Kesho ndiyo siku ya mwisho, dada," alisema yule mwanamume wa utani wa posa. Hakuwa na utani tena. Bintiye alikuwa wa muhula wa tatu, na zamu yake ilikuwa imefika karatasi ilipokwisha.

"Najua. Njooni kabla hapajafunguliwa. Nitaomba kitabu kipya stoo, kwa maandishi, kama siku yoyote."

"Na wakikunyima?"

"Nitaandika kwa karatasi ya kawaida, nipige mhuri."

"Na wakikutoa dirishani?"

Fanory alifikiri. Hakupenda kuahidi asichokiona. "Basi mtanikuta ngazini, karibu na doña Ofir," alisema. "Wewe utakuwa wa kwanza. Niambie namba yako sasa, nikuwekee alama."

Akamtajia. Ya kwake mwenyewe, bila kufikiri, kwa mahadhi. Wote wawili wakaduwaa, kisha mwanamume akajipiga kofi pajini.

"Hiyohiyo ndiyo ninayoitaka," Fanory alimwambia.

Walipotoka, aliweka alama kwenye mstari alipoishia. Nakala za buluu akazifunga kwa uzi, akazitia mkobani mwake. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, akaona afadhali ibaki hivyohivyo mpaka asubuhi, kwa kuwa atakuwa na kazi nayo. Mhuri ulikuwa umekauka. Akafungua kikopo cha sifongo cha mhuri, akaongeza wino tone kwa tone, akakiacha wazi juu ya meza kinywe.

"Funga, doña Fanory," mlinzi alisema kutoka gizani. "Kesho nayo ni siku."

Upande wa dirisha la kwanza, Yesenia alikuwa ameondoka bila kuaga. Kalamu aliyomwazima Fanory alikuwa ameisahau, au ameiacha.

Fanory akavuta pazia.